Mbuzi wa Jeska na Sashe za Sokoni

Jeska alikuwa na mbuzi mmoja mweusi tii, jina lake Makaa. Hakumnunua. Alipewa na chama cha wakulima wa kilima chao, huko Butihinda, upande wa Muyinga. Chama hicho kilikuwa na kanuni moja tu. Ukipewa mbuzi, mtoto wake jike wa kwanza si wako. Utampa jirani anayefuata kwenye orodha, na yeye atampa mwingine.

Jirani aliyefuata alikuwa Upendo. Yeye na Jeska walikulia Tanzania, wakarudi Burundi mwaka uleule. Upendo alikuwa mjane mwenye watoto watatu na shamba lililochoka. Maharage yake yaliota mafupi, ya njano, kwa kukosa samadi. Kwake yeye mbuzi ni samadi, na samadi ni chakula cha watoto. Basi kila asubuhi alikata majani na kumpelekea Makaa.

"Nimekuja kumlisha mama wa mbuzi wangu," alisema akicheka.

"Mlishe, dada. Unajilisha mwenyewe," Jeska alimjibu.

Makaa alipelekwa kwa beberu. Miezi ikapita, tumbo likaanza kukua. Jeska akatangaza kilima kizima. "Hawa ni mapacha!" Hata Makaa alipoanza kukataa majani, Jeska hakushtuka. "Ni mimba tu. Mimi mwenyewe mimba ya kwanza ilinichukiza maharage."

Upendo akajenga banda kwa miti na matope. Wahenga walisema usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa, lakini nani angemlaumu? Alikuwa amesubiri miaka miwili.

Asubuhi moja Makaa hakusimama. Alilala ubavu, akisaga meno na kukoroma kwa maumivu. Nazario, mume wa Jeska, akampigia simu Emmanuel, mganga wa mifugo. Emmanuel ni mwenyeji wa Makebuko, kule Gitega, lakini kazi yake iko Muyinga. Alifika kwa pikipiki, akapiga magoti kando ya mbuzi.

"Mama, iko na siku ngapi haikuli?" aliuliza.

"Kama wiki mbili. Lakini ana mimba, bwana daktari. Mapacha."

Emmanuel aliminya tumbo upande wa kushoto. Vidole vyake vilizama kama kwenye ugali, na alama zake zikabaki.

"Angalia, mama. Huku kushoto ni tumbo ya chakula. Mtoto anakaa zaidi huku kuume, na mi sioni mtoto. Na mbuzi hii haicheui tena. Sashe munatupaka wapi?"

Jeska alinyoosha kidole. Nyuma ya banda kulikuwa na shimo la takataka. Humo mlikuwa na maganda ya ndizi, majivu, na sashe, yaani ile mifuko myepesi ya plastiki ya sokoni. Kila Jumatano Jeska alirudi sokoni na sashe tano au sita. Moja ya chumvi, moja ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, moja ya sukari, moja ya nyanya. Alizimimina jikoni, akazitupa shimoni. Kila mtu alifanya hivyo.

"Mbuzi anapenda chumvi," alisema Emmanuel. "Sashe ya chumvi, sashe ya ndagala, yeye anasikia harufu tu. Analamba, anameza. Lakini plastiki haisagiki. Inakaa ndani, inajaa, na njaa inamuua na tumbo imeshiba."

"Atapona?"

"Nitapasua. Siwezi kukuahidia, mama."

Nazario alishika pembe. Emmanuel alinyoa manyoya ubavuni, akachoma sindano ya ganzi, akapasua. Emmanuel aliingiza mkono, akatoa donge kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Akalikunjua juu ya jani la mgomba.

Jeska akaziona safari zake zote za sokoni. Ile ya bluu ni ya chumvi. Ile ya mistari ni ya mchele wa Krismasi. Ile nyeusi ni ya viatu vya Nazario. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Aliinua macho. Upendo alikuwa amesimama mlangoni, fungu la majani mikononi.

"Upendo," Jeska alisema. "Hakuna mtoto. Hakukuwa na mimba. Nilikudanganya bila kujua. Nimemwua mama wa mbuzi wako kwa mkono wangu."

Upendo alitazama lile donge, kisha akainama na kuokota kipande cha rangi ya waridi.

"Hii si yako," alisema polepole. "Hii ni yangu. Nilikuwa namletea maganda ya viazi na chumvi kidogo, afurahi. Nikamwachia na sashe yake."

Wanawake hao wawili walitazamana, kisha wakalia wote, bila kufichana. Emmanuel aliendelea kushona.

"Nyamazeni, bamama," alisema mwishowe. "Moyo wake iko inapiga vizuri. Na musijilaumu peke yenu. Ni kilima yote."

Emmanuel alipokwisha kunawa, Nazario alimwuliza, "Tuzichome moto hizi sashe?"

"Hapana! Moshi yake ni sumu, na watoto wenu wanavuta. Okoteni zote, tieni kwenye gunia, fungeni, wekeni mbali na mifugo. Halafu musilete zingine. Serikali ilikwisha kuzikataza, lakini zinapita tu. Wa kuzifungia mulango ni nyinyi."

"Tutabebea nini?" aliuliza Jeska.

"Mama yangu kule Makebuko anaenda soko na kikapu. Unga iko kwa mfuko wa kitenge. Chumvi iko kwa kopo ya kifuniko. Ndagala iko kwa bakuli. Akirudi, anafua mfuko, anaanika. Voilà. Ule mfuko iko na miaka ine."

Jumapili hiyo Jeska na Upendo walitoa vitenge vyao vilivyochakaa. Walikata, wakashona mifuko sita kwa sindano ya mkono, mishono miwili miwili ili isichanike. Jumatano, Jeska akafika sokoni, akakuta mifuko ameisahau nyumbani. Alicheka kwa hasira, akarudi kuifuata, mwendo wa nusu saa. Tangu siku hiyo aliitundika kwenye msumari mmoja na ufunguo wa mlango. Asingeweza kufunga nyumba bila kuigusa.

Dukani, Farhana, muuza chumvi, alikuwa amekwisha kupuliza sashe kuifungua, kama kawaida yake.

"Weka humu, mama Farhana," Jeska alisema, akimpa kopo.

"Ah non, kopo iko na uzito yake. Utasema nimekuibia."

"Basi pima kopo tupu kwanza."

Farhana alipima kopo tupu, akamimina chumvi, akapima tena. Hesabu ikakubali. Aliitazama ile sashe mkononi mwake, akairudisha chini ya meza. "Kumbe ni rahisi hivi. Mi ninazinunua hizi kila wiki."

Makaa alikaa wiki tatu akila kidogo kidogo. Siku alipoanza kucheua, Jeska alimwita Nazario atoke shambani kuja kutazama. Watu wa chama nao walikuja, wakaliona lile gunia la sashe, wakaenda kusafisha mashimo yao. Wengine walibisha, lakini waliokuwa na mbuzi hawakubisha sana.

Makaa alipopata nguvu alirudi kwa beberu. Safari hii Jeska hakutangaza kitu. Alimwita Emmanuel, naye akaminya kulia na kushoto, akacheka. "Sasa ndiyo, mama."

Akazaliwa mtoto jike, mweusi kama mama yake. Alipoachishwa kunyonya, Jeska alimfunga kamba, akaenda naye kwa Upendo. Lakini hakumpa. Kwanza alizunguka ua mzima, macho chini. Alitazama nyuma ya jiko. Alitazama shimoni, kisha akachungulia kichaka cha njiani.

"Dada, umekuja kunikagua?" Upendo aliuliza.

"Ndiyo."

Upendo akasimama wima, mikono kiunoni. "Kagua. Na mimi nitamkagua atakayenifuata."

Jeska hakuona hata kipande kimoja. Akampa kamba.