Nukta Hafifu

Jua lilikuwa linazama Waya alipokwenda kwa mama yake kuomba kipande cha kioo. Waya ni fundi redio, na jina hilo alilipata kwa kuwa haijapata kutokea siku akakosa waya mfukoni. Shemeji yake alikuwa amemwagiza mashine ya leza ya kuchora mapambo ukutani kwenye harusi yake ya kesho. Shemeji huyohuyo aliyemzika mkewe, dada yake Waya, na mwaka haujaisha! Alisema pumu ilimbana usingizini. Na kwa uso mkavu uleule akaja kuagiza taa za harusi.

"Na wewe ukakubali?" mama aliuliza.

"Nimekubali ili niingie kwake nimtazame usoni, mama. Damu inanichemka."

Mama akaingia chumbani, akatoka na kioo cha mkononi cha marehemu. Akakipangusa kwa upindo wa nguo yake. Kisha akakisogeza mdomoni, akakinong'oneza.

"Chukua. Naye aalikwe."

Waya alidhani ni uchungu wa mzazi tu.

Kibandani kwake alikata vipande viwili vidogo, akavigandisha kwenye mota mbili alizozing'oa kwenye redio kuukuu za kaseti. Kioo hubandikwa kikiwa kimeinama kidogo, ili mota ikizunguka mwanga uchore duara. Ukikibandika kimenyooka sawasawa, unapata nukta tu, imesimama. Kwa hasira zake, Waya alivibandika vyote vimenyooka. Alipogundua, gundi ilishakauka. Akatukana mpaka basi, halafu akawasha, angalau aipime leza.

Nukta nyekundu ikatua ukutani. Kando yake nyingine, hafifu. Hiyo haikumshangaza. Kioo cha nyumbani hurudisha mwanga mara mbili, usoni na kwa nyuma kwenye rangi.

Kisha ile hafifu ikatembea.

Ile kali imetulia palepale. Hafifu ikapanda... ikakata kona... ikashuka. Ikachora mlango. Ubavuni ikaweka kimstari kifupi, kimelala.

Mota zikaanza kuhema. Hiii... hiii... Pumzi inayovutwa isifike. Waya aliijua sauti hiyo, alilala nayo chumba kimoja utoto wake wote. Na ile harufu... mafuta ya nywele ya dada yake.

"Dada?"

Mlango wa kibanda ukagongwa. Shemeji akaingia akitabasamu, shati limepigwa pasi.

"Fundi, mambo tayari?"

Akauona ukuta. Tabasamu likamkauka.

"Zima."

Waya akang'oa betri. Mota hazikusimama.

"Nimesema zima! Nani kakwambia komeo lilikuwa nje?"

Waya hakuwa ametaja komeo. Hata kile kimstari hakuwa amekielewa. Sasa alikielewa. Stoo ya nyumbani kwa shemeji, isiyo na dirisha. Dada yake mle ndani, dawa yake ya kuvuta imebaki mezani, na mwanamume huyu upande wa pili wa mlango, anasikiliza.

"Ulimfungia," Waya alisema, ngumi amezikaza mpaka zinauma. "Ulimsikia anahema, ukamwacha!"

"Nilitaka anyamaze kidogo tu, shemeji... kidogo tu..."

Waya akamrukia. Hakumfikia. Nukta hafifu iliteleza kutoka ukutani, ikavuka sakafu, ikapanda kiatu cha yule bwana, ikapanda suruali, ikatua kooni. Akaipangusa kwa kiganja. Haikutoka. Akasugua kwa kucha mpaka ngozi ikachubuka. Haikutoka. Akakimbia nje akihema. Hiii... hiii... Yeye, ambaye hata mafua hayakuwahi kumlaza.

Mota zikanyamaza. Giza.

Waya alimkuta mama yake amekaa mlangoni, hajawasha taa.

"Mama, ulikiambia nini kile kioo?"

"Nilimwalika dada yako tu." Hakugeuza uso. "Ameshatoka?"

"Ametoka. Amekimbilia kwake."

"Simuulizii huyo," mama alinong'ona.

Hasira ya Waya ilikuwa bado inatosha kuvunja mlango. Lakini kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliogopa kukaa karibu na mama yake.