Maji ya Miguu ya Bibi

Kila alasiri, Ratri alipotoka shuleni, alitupa begi lake kitandani, akala wali na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, kisha akabandika maji ya kumwosha Bibi miguu. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu akiwa darasa la nne. Kijiji chao cha Kejajar kiko juu mlimani, kwenye baridi na mashamba ya viazi, na Bibi Sumirah alikuwa amelima viazi maisha yake yote. Sasa alikuwa na kisukari, na miguu ilimtesa. Mara iliwaka kama iliyopakwa pilipili, mara ilichomachoma kama sindano, mara ikafa ganzi kabisa.

Ratri alichemsha tangawizi na mchaichai, akachanganya na maji baridi mpaka yakawa vuguvugu. Bibi akitia miguu kwenye beseni, alishusha pumzi.

"Ahh, mjukuu wangu. Sasa nimekuwa mtu."

Halafu Wening akaja.

Wening alikuwa binti wa mama mdogo wa Ratri. Mama yake alikwenda Hong Kong kufanya kazi za nyumbani, naye akaletwa Kejajar kutoka mjini Semarang. Alikuwa mdogo kuliko Ratri, mpole, mwepesi wa kucheka. Mwanzoni alikaa tu akitazama. Kisha akaomba kumkausha Bibi. Alipitisha kitambaa katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine, akapaka mafuta ya nazi, akasugua taratibu kutoka kisigino huku akisimulia vituko vya mjini. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi.

Haukupita muda, ikawa ni Wening tu. "Wening yuko wapi? Niitieni Wening. Mtoto huyu ana mikono laini kama pamba!"

Ratri akabaki mtu wa kumwaga maji machafu.

"Yaani amekuja juzi tu, leo nyumba yote ni Wening, Wening," alimlalamikia rafiki yake Sekar njiani.

"Kosa lako mwenyewe," Sekar akamjibu. "Hayo maji yako ya vuguvugu ni ya kuogeshea watoto wachanga. Babu yangu hutia miguu kwenye maji moto kwelikweli, mpaka inaiva!"

Maneno hayo yakamkaa Ratri kichwani.

Jumamosi, Wening alimwosha Bibi asubuhi, kisha akaenda sokoni na mama yake Ratri. Mchana Bibi akalalamika kwamba miguu inamchoma tena. Ratri akaona hii ndiyo nafasi yake. Akachemsha tangawizi nyingi kuliko siku zote, akatia maji baridi kiduchu tu.

Bibi akatumbukiza miguu. "Mbona sisikii kitu? Yamepoa?"

"Niongeze, Bibi?"

"Ongeza kidogo."

Ratri akainua birika, akamimina upande wa mguu wa kulia. Alipochovya ncha ya kidole chake aliungua, akakitoa upesi. Lakini Bibi alikuwa anatabasamu.

"Eeh, sasa nasikia joto kwa mbali."

"Ni mazuri kuliko ya Wening?"

"Ya leo mazuri sana."

Kwa Ratri neno hilo lilikuwa tamu kuliko asali. Hakutoa hata tone. Baadaye akamkausha Bibi harakaharaka na kumvisha soksi.

Jioni Wening alikuja na mafuta yake. Alipomvua Bibi soksi akapiga ukelele. "Mama mkubwa! Njoo uone!"

Mguu wa kulia ulikuwa mwekundu, umevimba malengelenge makubwa. Mama akashika kichwa. "Nani kamwosha leo?"

"Asubuhi Wening, mchana Ratri," Bibi alisema. "Wala sikusikia kuungua."

"Ratri, maji yako yalikuwaje?"

"Vuguvugu, Mama. Kama siku zote."

Mama akamgeukia Wening. "Kumbe ni wewe!"

"Niliyapima, mama mkubwa, haki ya Mungu..."

"Uliyapima? Na haya ni nini? Usiiguse tena miguu ya mama yangu! Kama kukaa hapa kumekushinda, kesho nampigia mama yako simu akutafutie pengine."

Bibi alimtazama Ratri, akangoja. Ratri akainamisha macho.

Asubuhi iliyofuata Ratri alikuwa amepata alichokitaka. Beseni lake, Bibi yake. Lakini Wening alikuwa jikoni akimenya viazi, macho yamemvimba kwa kulia. Ratri alidhani atatukanwa. Badala yake Wening akasema kwa sauti ndogo, "Dada Ratri, nikiondoka usisahau kumkausha Bibi katikati ya vidole. Pakibaki maji anawashwa."

Ratri angetukanwa angepata nafuu.

Katika zahanati, walikokwenda wote, muuguzi Mama Endah aliukagua mguu wa Bibi kwa makini. "Haya ni maji ya moto. Nahitaji kujua yalikuwa moto kiasi gani, na miguu ilikaa ndani muda gani."

Mama akaanza, "Ni huyu mtoto wa mdogo wangu..."

"Si yeye!" Ratri alipaza sauti, machozi yakamtoka. "Ni mimi. Nilimimina kutoka kwenye birika. Kidole changu kiliungua, na bado nikamwacha Bibi. Nilitaka anisifu mimi, si Wening."

Mama akasema polepole, "Na mimi nikamfokea mtoto ambaye mama yake yuko mbali." Akamvuta Wening kifuani.

Mama Endah akaendelea kusafisha kidonda. "Kisukari kimeharibu mishipa ya fahamu ya Bibi. Miguu yake inamuuma, lakini moto haiutambui. Kumwosha kwa maji vuguvugu, kwa muda mfupi, si vibaya. Mafuta, kumsugua taratibu na kumtembeza kidogo pia humpa nafuu. Ila maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye afya, miguu ikaguliwe kila siku, na dawa za kisukari zisiachwe. Mngechelewa, angeweza kupoteza mguu."

Nje, Ratri alimshika Wening mkono. "Nisamehe. Nilikuonea wivu."

"Mimi?" Wening akashangaa. "Mimi ndiye ninayekuonea wivu. Wewe ukilia, mama yako anakusikia."

Kidonda kilichukua majuma mengi kupona. Kilipofunga, Bibi aliwaita wote wawili, akamshika Ratri kidevu.

"Siku ile nilikungoja useme mwenyewe. Ungenyamaza, ningesema mimi. Mguu wangu uliungua kwa sababu umekufa ganzi. Lakini moyo wako haukufa ganzi, Ratri. Ulisikia mwenzako anaungua, ukanyamaza ili usifiwe wewe. Wivu ukija tena, sema mapema, kabla haujamdhuru mtu."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, leteni maji. Na mpime kwa viwiko, wote wawili!" Bibi akanyoosha miguu yake miwili mbele yao. "Kulia, Ratri. Kushoto, Wening. Au mlidhani bibi yenu ana mguu mmoja?"