Chambo cha Hidaya

Mtego ulikuwa umejifunga, lakini ndani hamkuwa na kitu. Hidaya alipouinua kutoka kwenye majani mabichi ukamlemea mkono, na bati lake lilikuwa la moto, asubuhi ile ya ukungu wa Malindi, kijiji cha milimani Usambara, ambapo hata chai hupoa kabla hujaimeza.

"Edgar, njoo uone hapa."

Wote wawili walikuwa wanachuo, wamepandishwa Usambara na mwalimu wao kunasa panya na wanyama wengine wadogo wa msituni wakiwa hai. Mnyama anafuata chambo, anaingia kwenye kisanduku, kimlango kinajifunga, pa! Unampima, unamnyoa manyoya kidogo kuwa alama, unamwachia. Jana yake, wakifinyanga chambo cha karanga na dagaa hapo hapo msituni, Edgar, ambaye utani haukumkauka mdomoni, alimuuliza, "Na wewe Hidaya, tukikutega tukuwekee nini?"

"Vitumbua vya mama," alijibu bila kufikiri. "Nikisikia harufu tu, naingia mwenyewe." Kisha akainamia chambo, maana mama yake alikuwa amezikwa mwaka uliopita na bado hajazoea. Ndege walinyamaza msitu mzima, wao wawili wala hawakujali.

Sasa Edgar alikuwa anacheka. "Hebu mwage kwenye mfuko. Huenda panya wako kakonda mno."

Hidaya akainamisha mtego juu ya mfuko wa kitambaa. Mfuko ukatuna, ukapumua. Jamani, mtu mwenye akili zake si angeutupa akatimua mbio! Yeye akaingiza mkono, akashika kitu chenye joto, na kwa mazoea ya kazi akapitisha mkasi, akatoka na shungi la nywele nyeusi, ndefu, laini, zinanukia udi. Mfuko ukanywea mkononi mwake.

"Umemnyoa nani?" Edgar alinong'ona, na kicheko hakikumrudia tena.

Kesho yake asubuhi Hidaya alivua mtandio achane nywele, kidole kikagusa ngozi tupu juu ya sikio. Palikuwa pamenyolewa kwa ustadi, kipande kidogo, vile vile anavyowanyoa panya. Alipiga kelele hadi mwenyeji wao, Mama Sabra, akatoka jikoni mbio, na alipoona, akaenda kumleta Bi Mwanaidi, mtoa majini wa kijijini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ulimfanya nini huyo aliyekunyoa?"

"Nilimnyoa. Halafu... akaenda zake."

"Na nyie mkishawanyoa hao panya, mnawaachia ili iweje?"

"Tuone kama tutawanasa tena, bibi."

Bi Mwanaidi akaanza kufungasha ubani wake kwenye kanga. "Mimi namtoa jini aliyemwingia mtu," alisema kwa sauti ya chini, macho mlangoni. "Huyu hajakuingia. Anangoja uingie wewe. Shukeni leo hii. Na ukiitwa na kitu unachokipenda, mwanangu, nakusihi, usiende."

Walishuka. Pale Mazinde, chini ya milima, kando ya lami, juani kweupe, Edgar alimwachia mkono kidogo tu amwite muuza maji, na hapo hapo harufu ikaja, ya iliki na mchele unaokaangwa, ikapita katikati ya vumbi na moshi wa malori ikamfikia Hidaya peke yake, ikitoka kwenye nyumba ambayo angeapa haikuwepo walipopita wakati wa kuja, mlango wazi, giza ndani, na sauti aliyoilia mwaka mzima ikimwita taratibu, "Hidaya, njoo mwanangu, vingali vya moto."

Alijua ni chambo. Alijua kabisa, machozi yakamtoka, akasikia Edgar akiliita jina lake kwa mbali sana, na miguu haikusimama. Akavua kandambili mlangoni, kama mama alivyomzoesha, akaingia.

Pa!