Gari la Mattua

Saa moja asubuhi ilikuwa haijatimia pale Brogimara alipofika makaburini na bakuli la uji wa mtama wa kummwagia dada yake, akakuta gari lililochongwa kwenye jiwe la kaburi limefutwa. Ukelele alioupiga ulisikika mpaka kwenye kituo cha barabara, na Ressatus, askari wa zamu, akauacha mkate wake mezani.

Jiwe lilikuwa limelazwa chali juu ya magogo mawili, likingoja kusimamishwa siku hiyo. Sehemu ya juu walikaa mume na mke. Mzee Tarsa, mstaafu wa kikosi cha farasi, alikuwa amechongwa na toga, vazi la raia wa Roma, na hati ya uraia mkononi, Mroma kweli kweli, ingawa alizaliwa Thrakia kwenye zizi la mbuzi. Kando yake alikuwa marehemu Mattua, na kilemba cha kikwao na bizimu kubwa mbili mabegani. Chini yao kulikuwa na maandishi ya Kilatini, na chini ya maandishi ndipo lilipokuwa gari la farasi, lile ambalo watu wa ukoo wa Mattua wote huchongewa ili liwafikishe kwa wazee wao. Sasa palibaki kovu jeupe, na vipande vya mawe vimetapakaa majanini.

"Atafikaje sasa?" Brogimara alilia. "Niambie wewe, Ressatus, mama yako si alikuwa mtu wetu? Dada yangu atafikaje?"

Ressatus alipiga magoti akaanza kulitazama jiwe.

Hajamaliza, Flavius Verus akafika. Alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu, diwani wa mji, mtu wa kuvaa nguo nyeupe hata njia ikiwa tope. Nyuma yake mtumishi alimburuta Dallo, yule mtumwa aliyelichonga jiwe.

"Mhalifu huyu hapa, afande," alisema Verus. "Jana nilimkaripia mbele za watu kwa uvivu wake. Jioni akabaki hapa peke yake. Amelipiza kisasi kwa mama yangu. Saa sita naondoka naye kwenda mjini."

Ressatus alijua maana yake. Mbele ya hakimu, neno la mtumwa halipokelewi mpaka afungwe kamba mikononi na kuning'inizwa. Mchongaji mmoja wa Gorsio aliwahi kutolewa kwenye kamba hiyo akiwa hana hatia, na tangu siku hiyo analishwa kwa kijiko. Dallo naye alijua. Alikuwa ameificha mikono kwapani.

"Mpaka saa sita ni wangu," alisema Ressatus. "Kaa pale, diwani." Akamgeukia Dallo. "Jana uliondoka lini?"

"Jua likizama, afande. Nilimaliza kupaka rangi nyuso, nikaosha brashi, nikaenda kulala karakanani."

"Na nani?"

"Mtumwa analala na nani? Na mbwa."

"Rangi yako hukauka baada ya muda gani?"

"Kwa unyevu huu wa mto? Mpaka asubuhi, tena miungu ikiwa imeamka vizuri."

"Ulikuwa na hasira na diwani?"

"Nilikuwa nayo. Lakini ile nusu ya juu, na toga yake, nilifundishwa mjini Akwinkum kwa kunakili mawe ya wakubwa. Nusu ya chini alinifundisha baba yangu. Ningetaka kuvunja, ningevunja ya juu."

Ressatus alimwomba patasi zake. Iliyo pana kuliko zote ilikuwa na upana wa kidole gumba. Alama kwenye jiwe zilikuwa na upana wa vidole vinne, zimeshuka kwa nguvu. Hiyo ilikuwa sururu ya jeshi, upande wake wa jembe. Lakini kijiji hicho kimejaa wastaafu, na sururu haikosekani nyuma ya mlango wa nyumba yoyote, hata ya Verus aliyerithi ya baba mkwe wake.

Kilichomshughulisha zaidi ni nyuso. Uso wa Tarsa ulikuwa umejaa vumbi na chembe za mawe zilizoganda kwenye rangi. Uso wa Mattua haukuwa na chembe hata moja. Shavuni mwake rangi ilikuwa imefutika kidogo, na nyuzi mbili za sufu ya kahawia zilikuwa zimenasa hapo. Ressatus alizinyofoa nyuzi hizo akazikunja kiganjani.

Alimwendea Brogimara kwanza. "Mama, watu wanasema ulimchukia shemeji yako."

"Watu hawasemi uongo. Alimchukua dada yangu akamfundisha kula mizeituni. Lakini nilivunje gari lake? Heri nivunjwe mguu, tena yote miwili."

Akamfuata diwani. "Wewe ulitaka gari liondolewe."

"Nilitaka, na sikuficha. Wageni wanapita barabara hii. Wamwone mama wa diwani amejifunga kilemba kama muuza vitunguu, na chini yake gari la shamba? Lakini baba alikataa katakata. Alimwahidi mama alipokuwa kitandani. Nikaufyata."

"Ungepewa sururu, ungeanza na nini?"

"Kilemba," alijibu Verus bila kufikiri, kisha masikio yakamwiva.

Mzee Tarsa alikuwa amekaa peke yake mwisho wa makaburi. Upepo wa mto ulikuwa unakata masikio, lakini joho lake zito la jeshi alikuwa amelikunja, kalibana kwapani.

"Baridi, mzee."

"Nimelinda mto huu ukiwa umeganda, mwanangu. Hii si baridi."

"Unadhani ni nani?"

"Vijana wa kambini. Pombe hizo." Mzee alitazama upande wa mto. "Mwambie Verus amwache yule mtumwa. Ana mkono mzuri."

"Diwani hataki kumwacha. Anasema mkono huo huo ndio uliovunja."

Tarsa alizidi kulibana joho kwapani. Ressatus alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi, maana kazi ilikuwa bado.

Ilipokaribia saa sita gari la diwani lilisimama njiani, kamba iko tayari. Ressatus aliwaita wote kwenye jiwe.

"Aliyevunja alikuja rangi ikiwa mbichi," alianza. "Na kabla ya kupiga pigo la kwanza, alifunika uso wa Mattua kwa sufu ili chembe zisimpige. Uso wa mumewe akauacha. Sasa, Dallo asingeweka sufu juu ya rangi aliyojua ni mbichi. Diwani angeanza na kilemba, amekiri mwenyewe. Mama huyu angekufa kwanza. Mlevi wa kambini hajali uso wa mtu. Huyu alimpenda Mattua, na hakujijali mwenyewe. Mzee Tarsa, nipe joho lako."

Mzee hakubisha. Joho lilipokunjuliwa, ndani yake palikuwa na doa la rangi ya waridi, rangi ya shavu.

"Baba!" alisema Verus.

"Mwache Dallo," alisema Tarsa kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nasubiri... sijui nilikuwa nasubiri nini. Nilijiambia nitasema kabla kamba haijafungwa. Labda nisingesema. Naona haya."

"Kwa nini, mzee?" aliuliza Ressatus. "Ulimwahidi."

"Nilimwahidi, ndiyo. Mimi jeshi lilinipa kila kitu, mpaka kifo. Nitateremka chini, kwenye giza, na wenzangu wa kikosi. Yeye anapanda gari lake anakwenda kwao. Umeona jiwe hili? Juu tumekaa pamoja, bega kwa bega, na chini anaondoka! Hata sanduku lake la nguo alikuwa amelipakia, limechongwa nyuma ya gari. Nililitazama sanduku lile jana mpaka giza likaingia. Miaka thelathini nimelala naye, halafu nimlipie mtu wa kumchukua? Nikasema, bila gari atanifuata mimi."

Brogimara alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Halikuwa sanduku," alisema Dallo.

Wote walimgeukia.

"Bibi alikuja karakanani kabla hajazidiwa. Aliniapisha nisiseme, kwa sababu kwetu mtu hatajiwi kiti chake cha gari hilo akiwa hai, ni mkosi. Alisema, acha bonge la jiwe nyuma yangu garini, usilichonge. Siku Tarsa akifa, mchonge hapo, na toga yake hiyo hiyo. Nilimwuliza kama Mroma anaruhusiwa kupanda. Akacheka. Akasema atawaambia wazee wake ni mtu wake."

Tarsa aliketi kwenye majani, mahali pale pale alipokuwa amesimama. Alichukua kipande kimoja cha jiwe, akakigeuza, akachukua kingine. Verus aliinama kumshika bega, nguo nyeupe ikaburutika kwenye tope, naye hakuiinua.

"Jiwe ni lako, mzee, na lilikuwa halijasimamishwa," alisema Ressatus baadaye. "Sina shtaka. Diwani, kunja kamba yako uende nayo nyumbani."

Verus alimwendea Dallo akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia kwa diwani. Aliomba radhi, tena kwa lugha ya mama yake.

"Linaweza kuchongwa upya?" aliuliza Tarsa.

Dallo alipitisha vidole kwenye kovu, akagonga hapa na pale kwa kifundo, akasikiliza.

"Umechimba sana, bwana. Nikizidisha litapasuka. Liko gari dogo humu. La mtu mmoja."

Upepo ulipita. Brogimara alianza kusema neno, mzee akamwinulia mkono.

"Basi mchongee yeye," alisema.

"Farasi mmoja au wawili?"

"Wawili," alisema Tarsa. "Tena wenye nguvu. Atakuwa peke yake."