Siku Tisa za Ndoo Kavu

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Nivedya alikuwa kwenye gati la mawe la Njarakkal, kijiji cha pwani kusini mwa India, mwavuli kwapani na ndoo ya turubai mkononi. Aliitupa ndoo baharini, akaivuta kwa kamba, akaiweka kwenye kivuli cha mwavuli, kisha akatumbukiza kipimajoto na kuhesabu hadi sitini. Nambari aliisoma kipimajoto kikiwa bado majini. "Ukikitoa nje umepima upepo," Daktari Sudhamani alikuwa amewaambia wanafunzi, na Daktari Sudhamani hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Mama huyo alifanya kazi kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari, tawi la Kochi, ng'ambo ya kivuko. Taasisi ilikuwa na meli, maboya, na mashine za kuzama kilindini na kurudi na habari. Hata hivyo iligawa ndoo na madaftari kwa shule tatu za pwani, maana meli haiwezi kuwa kila ufuo kila asubuhi. Nivedya alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa miezi kumi na minne hakuwa amekosa hata siku moja. Darasani walimwita Bibi Bahari, nusu utani nusu wivu, na yeye jina lilimkaa vizuri.

Kisha ikaja sikukuu ya Onam. Kwa siku kumi kila mtaa hutandika zulia la maua, na maua huchumwa alfajiri kabla jua halijayalegeza. Mwaka ule wasichana wa mtaa wa Nivedya waliapa kwamba hawatashindwa tena na wale wa ng'ambo ya mfereji. Siku ya kwanza Nivedya alipitia gatini kwanza, akafika kwa wenzake na kikapu kitupu.

"Bibi Bahari, chumvi haitandikwi," rafiki yake Reshmi alimchokoza. "Sisi tunatafuta maua, wewe unaogesha ndoo."

Wasichana wakaangua kicheko. Nivedya alicheka nao, lakini yalimchoma.

Siku ya pili alikwenda moja kwa moja kwenye maua. Jana ilikuwa nyuzi ishirini na nane nukta nne, aliwaza. Bahari yote ile itabadilika nini kwa siku moja? Akaandika ishirini na nane nukta tatu. Kesho yake akaandika nne tena, halafu tano, ili zisifanane mno. Kwa siku tisa ndoo ilining'inia kavu msumarini, naye akazipika nambari jikoni huku akila puttu, mkate wa unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke. Mtaa wao ulishinda. Alifurahi kweli, ila kila alipopita jikoni aligeuza uso asiuone ule msumari.

Sikukuu ilipokwisha tu, Daktari Sudhamani alikusanya madaftari na vipimajoto, na siku mbili baadaye akaja darasani na kipimajoto chao na karatasi yenye mistari mitatu ya joto la maji.

"Huu ni wa shule ya Chellanam, huu wa Cherai," alisema. "Wakati wa Onam maji yao yameshuka kutoka nyuzi ishirini na nane hadi ishirini na nne. Ni maji ya chini yanapanda juu, ndiyo yanayoleta chakula cha dagaa. Sasa tazameni Njarakkal."

Mstari wa Njarakkal ulikuwa umenyooka kama rula.

"Labda kipimajoto kimeharibika," alisema Mwalimu Thankachan.

"Tumekijaribu kwenye barafu, Mwalimu. Kizima. Na Nivedya hajawahi kutukosea. Basi hapa kuna jambo hatulijui. Jumatatu tunatoa boti, watu sita, siku tatu, tukatafute kwa nini maji ya hapa yamekataa kupoa."

Darasa likapiga makofi. Nivedya aliinamia dawati. Wangemshuku, pengine angejitetea. Lakini hakuna aliyemshuku, na hilo ndilo lililomuumiza.

Jioni alimweleza bibi yake yote. Bibi aliacha kukuna nazi.

"Watu sita wakapigwe na mawimbi kwa sababu ya maua yako?"

"Bibi, wataninyang'anya daftari."

"Wakinyang'anya, wamenyang'anya. Kesho tunapanda kivuko cha saa tatu. Na uvae viatu."

Kwenye taasisi walipitishwa katika vyumba vya kazi. Kijana mmoja alikuwa ameinamia darubini, akitenganisha vijidudu vya bahari kwa sindano, kimoja kimoja. Alikuwa amefika elfu mbili na ushee. Mama mmoja alikuwa akipima chumvi ya maji yale yale kwa mara ya tatu, kwa kuwa majibu mawili ya kwanza yalipishana kidogo. Nivedya alitamani ardhi ipasuke.

"Daktari, sikupima," alisema hata kabla ya kukaa. "Siku tisa. Nilitunga."

 Daktari Sudhamani aliinua simu na kuvunja safari ya boti. Alipoiweka chini, alikwenda kwenye rafu akatoa daftari lililogeuka rangi.

"Hili liliandikwa na Kunjappan, mlinzi wa mnara wa taa, miaka arobaini iliyopita. Soma hapa."

Nivedya akasoma: Leo sikupima. Homa. Chini yake kulikuwa na siku nane tupu.

"Mpaka leo tunalitumia," alisema Daktari. "Unajua kwa nini tunamwamini mzee huyu? Kwa sababu ya hizo siku nane. Nafasi tupu, mwanangu, tunajua kuishi nayo. Nambari ya uongo hukaa humu ikijifanya ya kweli, na miaka arobaini baadaye mtu ataingia baharini kwa ajili yake, wewe hupo wa kumzuia. Kazi yetu nzima imesimama juu ya mtu aliye peke yake na ndoo, anayeandika alichokiona tu."

Akamwekea Nivedya daftari lake mezani. Nivedya alitoa kifutio.

"Hapana, hatufuti. Piga mstari mmoja, kosa lisomeke."

Akazipigia mstari nambari zote tisa. Pembeni akaandika: Sikupima. Nilikuwa nachuma maua. Akatia sahihi. Bibi aliinama akaisoma, akaitikia kwa kichwa.

"Na ndoo je?" Nivedya aliuliza kwa sauti ndogo. "Mtaichukua?"

"Kesho unapima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Usichelewe."

Hakuchelewa. Alihesabu hadi sitini, akainama juu ya ndoo: ishirini na nne nukta sita. Maji yalikuwa yamepoa, kama watoto wa Chellanam na Cherai walivyoandika siku zote zile.