Kipande cha Njano Kwenye Kitanda cha Behzod

Kipande cha njano kilikuwa kimehama.

Hosiyat alisimama mlangoni, mkononi kashika bakuli la uji wa unga aliompikia mkwe wake aliyejifungua, akakikodolea macho kifuniko cha viraka kilichotandazwa juu ya kitanda cha kubembea cha mjukuu. Jana kipande kile alikishona mwenyewe upande wa miguuni, pembeni kabisa. Leo kilikuwa kimepanda juu kidogo, kimejipenyeza kati ya nyekundu na zambarau, na mshono ulikuwa safi kama haujawahi kuguswa.

"Muattar!" aliita. "Hebu njoo hapa, mwanangu."

Mkwe wake akaja akiwa amemkumbatia mtoto, nywele hazijafungwa, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Nani kakuambia ufumue kazi yangu?"

"Kazi gani, mama?"

"Kile cha njano. Kama hukipendi pale nilipokiweka, si useme tu? Mdomo unao."

Muattar akakitazama kifuniko, akamtazama mama mkwe wake. "Mama, mimi kuoga tu sijapata nafasi. Nishone viraka saa ngapi?"

Jibu halikumridhisha Hosiyat. Nyumba ilikuwa na watu wawili wazima, na mmoja wao alijijua kwamba hakuhusika. Mwanawe Elyor alikuwa mbali, Urusi, akijenga maghorofa ya watu wengine. Hesabu ilikuwa nyepesi.

Na lazima mtu aelewe kazi ile ilikuwa nini kwake. Katika mtaa wao, mjini Margilan, Hosiyat aliitwa fundi wa takataka, na jina hilo alilivaa kama kilemba. Trei za mayai alizilowanisha akazifinyanga maua ya waridi, akayapanga kuzunguka kioo chenye ufa hadi ufa ukapotea. Ndoo za mtindi alizizungushia kamba ya katani zikawa vyungu vya maua. Makreti ya zabibu yakawa rafu, mitungi ya jamu ikawa taa. Wenye wana waliooa walileta wakwe zao wapya waje watazame, na yeye aliwapitisha chumba hadi chumba huku akiwachamba: "Dukani wanaenda wavivu. Mwenye mikono haendi dukani."

Mjukuu alipozaliwa, akaapa kifuniko cha kitanda chake hakitanunuliwa hata uzi. Kifuniko cha viraka, kurak, hakishonwi hivihivi. Vipande vyake huombwa kwenye nyumba zenye watoto wengi na wazee walioishi hadi kuona vilembwe. Hutolewa kwa mkono, anayetoa hutajwa jina, anayepokea humwombea dua. Ndiyo maana hulinda. Hariri nyekundu alipewa na jirani mwenye wana saba, zambarau akapewa na binamu yake. Njano tu ndiyo ilikosekana, na kurak bila njano ni palov, pilau ya kwao, bila karoti. Akaipata kwenye msiba wa Bibi Saltanat, ajuza aliyekufa amezeeka hadi akaanza kuota meno upya, watu walivyosema. Kwenye msiba wa namna hiyo kitambaa huchanwa na kugawiwa wageni, kila mmoja aondoke na sehemu ya umri ule mrefu. Hosiyat alirudi nyumbani na vipande viwili, na kuhusu kile cha pili hakumwambia mtu.

Alikifumua kile cha njano, akakirudisha pembeni, akakikaza kwa uzi wa mara mbili. Kesho yake kikawa kimepanda tena.

Sasa mtoto naye akaanza kukataa ziwa. Behzod aliyekuwa akinyonya kama ndama akawa anageuza uso ukutani, analia kilio chembamba, kisha halii kabisa. Mashavu yakapungua. Muattar akawa anakamua maziwa yake kwenye kikombe huku machozi yakimdondoka, na Hosiyat, ambaye usiku na mchana alikuwa akimwomba Mungu amwachie mjukuu huyu mmoja, badala ya kumhurumia mama yake akazidi kumwangalia kwa jicho la pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Huyu ananichukia, na chuki yake inaingia kwenye maziwa.

Akapekua kikapu cha kushonea cha Muattar mchana kweupe. Muattar akamkuta magotini, nyuzi zimetapakaa.

"Unatafuta nini, mama?"

"Uzi wa njano."

"Sina. Utafute kwako." Msichana alikuwa mpole tangu aolewe, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa na makali. Akakinyakua kifuniko, akakigeuza upande wa ndani. "Tazama mshono. Mimi naanzia kulia. Wewe unaanzia kushoto, na mwisho unapiga mafundo mawili, mtaa mzima unajua. Haya, hii ni kazi ya nani?"

Hosiyat akatazama. Mafundo yalikuwa mawili. Ulikuwa mkono wake.

"Umeniiga," akasema, akaanza kuzirudisha nyuzi kikapuni.

Jioni hiyo akamsikia Muattar kwenye simu, nyuma ya pazia, akinong'ona: "Elyor, mama yako si mzima. Nadhani anaamka bila kujijua, anafumua, anashona... Sitaki amshike mtoto. Naogopa." Hosiyat akaganda ukumbini. Kitu kilichomuuma zaidi ya tusi lenyewe ni kwamba hakuwa na uhakika kama ni uongo. Akaitazama mikono yake chini ya taa ya mtungi wa jamu, kidole kwa kidole, kama mtu anayemkagua mfanyakazi anayemshuku.

Wanawake wawili wakawa wanaviziana ndani ya nyumba moja. Mmoja akiingia chumbani kwa mtoto, mwingine anafuata. Mmoja akiweka chai, mwingine anainusa kwanza.

Kisha ikaja alasiri ya theluji. Muattar alikuwa uani akianua nepi zilizoganda kwenye kamba, na Hosiyat alimwona vizuri kupitia dirisha, mikono yote miwili juu. Ndipo aliposikia, kutoka chumba cha mtoto, uzi ukipita kwenye kitambaa. Srrr. Kimya. Srrr. Ni sauti aliyoisikia maisha yake yote kutoka mikononi mwake mwenyewe, na sasa mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Akainuka. Kwenye ukumbi akakutana na harufu ya sufu iliyolowa na kuunguzwa, nzito, ya kukaba koo, akasogea akijishika ukutani, akipita kioo chake cha maua ya waridi bila kujitazama kwa sababu aliogopa asije akawa peke yake mle ndani au asije akawa si peke yake, na kadiri alivyousogelea mlango sauti ya uzi ilibadilika, ikawa ndefu, ikawa laini, ikawa ni sauti ya kitana kikipita kwenye nywele ndefu mno, nywele zisizokwisha, huku kitanda cha mtoto kikibembea taratibu, kwaka, kwaka, kama kinavyobembezwa na mtu asiye na haraka, na aliposukuma mlango kitanda kikasimama ghafla, jinsi kinavyosimama kikishikwa na mkono.

Hapakuwa na mtu. Kipande cha njano kilikuwa katikati ya kifuniko, juu kabisa ya uso wa mtoto. Kilikuwa kinapanda na kushuka kwa pumzi. Hosiyat akakinyanyua kifuniko na akaona Behzod kafumba macho, kifua chake kimetulia, na kile kitambaa mikononi mwake bado kinapumua.

Akapiga ukelele uliomleta Muattar mbio. Muattar alimnyakua mtoto, akampiga makofi mgongoni, akamwita jina, mpaka Behzod akakohoa na kulia kidogo, kilio cha paka.

"Umemfanya nini?" Muattar alilia. "Mama, umemfanya nini mwanangu?"

"Kamwite Otin Kumri," Hosiyat alinong'ona. "Usiniulize. Kamwite."

Otin Kumri, mwanamke msomi aliyewasomea wanawake wa mtaa dua zao, alikuja na sufuria ya makaa. Akatupia majani makavu ya isirik, ya kufukuzia pepo, juu yake, moshi mchungu ukajaa chumba. Hakusoma kwanza. Alikaa sakafuni, akakitandaza kifuniko, akaweka kidole juu ya kila kipande.

"Hiki kakupa nani?"

"Zulayho, wa wana saba."

"Hiki?"

"Binamu yangu Oysara."

"Hiki?"

Kidole kilikuwa juu ya njano. Muattar alisimama kwenye kona, mtoto kifuani, hapepesi macho.

"Bibi Saltanat, Mungu amrehemu," Hosiyat akasema. "Cha msibani."

Otin akaanza kusoma, akimwomba marehemu Saltanat akichukue kilicho chake. Moshi uliokuwa ukipanda ukainama, ukatambaa sakafuni, ukamwendea mtoto. Behzod akakakamaa. Midomo ikawa ya buluu. Otin akaacha kusoma.

"Marehemu kakikataa," alisema polepole. "Hosiyat. Mficha uchi hazai. Nakuuliza tena mbele ya mkweo, kakupa nani?"

Loo, ilikuwa vigumu! Afadhali wangemwambia avue nguo sokoni. Yeye, aliyewafundisha wake za watu namna ya kujenga nyumba bila kuomba wala kununua. Akamtazama mkwe wake, ambaye kwa siku zote zile alikuwa amemwita mwizi wa uzi, akamtazama yule mtoto.

"Nilikwisha kupewa changu," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Kilikuwa cheupe. Nilitaka njano. Nikarudi mlango wa nyuma nione kama kuna mabaki. Kwenye mfereji palikuwa na mgeni ananawa, kajifunika kichwa. Akaninyooshea. Akaniambia, chukua, dada, hakuna anayekuona. Nikachukua."

"Jina lake?"

"Sikuuliza."

"Uso wake?"

"Sikuutazama. Nilikitazama kitambaa. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa cha bure."

"Albasti," Otin akasema kwa kunong'ona, na Muattar akauficha uso wa mwanawe, maana hakuna mzazi pande zile asiyemjua yule jini wa kike mwenye nywele za njano, anayewavizia wazazi na vichanga. "Kitambaa cha msiba hakipokelewi kwa mtu asiyetajwa jina, Hosiyat. Ulikuwa na haraka gani? Kifumue. Kwa mkono wako huohuo, na kila fundo useme, sikukujua, sikutaki."

Alifumua. Kila fundo lilipokatika, kitu kilivuta kutoka upande wa pili, vidole vikamtoka damu, harufu ya sufu iliyoungua ikawatapisha wote watatu, na kitana kikawa kinapita kwa hasira ndani ya kuta zenyewe, nyuma ya rafu za makreti, nyuma ya kioo, hadi maua yake ya karatasi yakaanza kudondoka moja moja. Hosiyat hakuyageukia. Fundo la mwisho lilipokatika, Otin alikibana kile kipande kwa koleo la makaa, wakakitupa kwenye maji yanayopita. Kikaenda, kinyume cha maji yanavyokwenda.

Waliporudi ndani, Behzod alikuwa ananyonya. Unasikia kabisa anavyomeza. Hosiyat akakaa chini pale pale mlangoni akalia kwa shukrani bila haya.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Muattar. "Nilikushuku bure."

"Nimekusamehe, mama," Muattar akajibu. Lakini hakumnyooshea mtoto amshike.

Siku arobaini za uzazi zilipotimia, Muattar akaenda na mtoto kwao, kijiji cha pili, kama desturi inavyotaka. Wiki ikapita, na ya pili. Hosiyat alijua hatarudi mapema, naye hakumlaumu. Akabandika maua yake upya kwa gundi ya unga, akasubiri simu.

Simu ikaja mchana mmoja, jua linawaka juu ya theluji.

"Mama, hujambo? Nimepiga nikushukuru." Sauti ya Muattar ilikuwa nyepesi, karibu ya zamani. "Kwa mgeni uliyemtuma."

"Mgeni gani?"

"Huyu mama aliyekuja kumwona Behzod. Jamani, ana maneno matamu! Kasema katumwa na wewe."

Hosiyat akasimama. "Anaitwa nani?"

"Hata sikumuuliza. Kasema mmejuana msibani. Tena ni mtani, anasema, 'Mama mkwe wako alipokea changu, na mimi nimekuja kupokea chake.'"

"Muattar, mchukue mtoto utoke! Toka nje sasa hivi, mwanangu, huyo si mtu, nilimtuma nani mimi, sikumtuma mtu!"

Upande wa pili mkwe wake akashusha pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka sana.

"Mama, umeanza tena. Yule Otin alikwisha mfukuza, nilikuwepo. Kwako wewe kila mtu ni mbaya. Mgeni kanisaidia, kaniambia nipumzike, mimi niko jikoni nachemsha chai, yeye yuko ndani anambembeleza Behzod."

"Muattar, nakuomba..."

"Katulia kabisa, mama. Hata sauti yake siisikii."