Maelezo Ambayo Muriithi Hakuyafuta

Saa saba mchana hoteli iliyo karibu na soko la Nyeri hufurika, na kiti kilichobaki siku hiyo kilikuwa kimoja tu, mbele ya Muriithi. Wachuka alikikalia bila kuomba. Alivaa sweta ya kijani na viatu vyenye matope ya kwao Gatitu. Kompyuta yake aliiweka karibu kabisa na sahani ya mwenzake.

"Madam, unanyima githeri yangu nafasi," Muriithi akamtania.

"Kula haraka basi, nafasi itapatikana."

Wote wawili walikuwa waandishi wa programu. Haukupita mwezi, wakawa wanaandika pamoja programu ya kupima maziwa ya ushirika mmoja wa Mukurweini, na kupendana. Kila mmoja, juu ya kila kipande cha msimbo wake, yaani code, aliandika maelezo mafupi, au comment, ya jinsi kinavyofanya kazi. Kazi ilipoisha, programu nyingine iliyakusanya maelezo hayo yote yenyewe, ikatoa kitabu cha mwongozo. Hakuna aliyekisoma kabla ya kukichapisha. Wapenzi hao walikuwa na mawazo mengine: Jumamosi, wazee wa Muriithi wangekwenda Gatitu kuposa.

Jumatano, Theuri, katibu wa ushirika, alikifungua kitabu mbele ya makarani ishirini, akasoma kwa sauti: "Hapa tunatumia hesabu ya Wachuka. Usiiamini, inapoteza lita. Ni mimi, Muriithi."

Makarani walicheka. Theuri hakucheka. Alisema kuanzia sasa sehemu ya Wachuka itatunzwa na mtu mwingine.

Jioni Muriithi alipiga simu. "Sweetie, hiyo comment ni ya kitambo. Nilisahau kuitoa."

"Na hizo lita, zilipotelea kwa code yangu?"

Muriithi akaanza kuzungumzia posa ya Jumamosi.

"Zilipotelea kwa yako, si ndio? Ukarekebisha yako, jina langu ukaliacha hapo."

"Niliona aibu kukuambia, Wachuka. Tulikuwa tumeanza tu kupendana."

Wachuka alikata simu, akalia. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Muriithi iliishia Mukurweini, Ijumaa asubuhi. Angeweza kufuta mstari ule na kutoa kitabu kipya kimyakimya, kazi ya dakika mbili. Badala yake alisimama mbele ya makarani walewale, naye Wachuka, aliyekuja kukabidhi kazi yake, akiwepo.

"Kosa ilikuwa yangu. Code ya Wachuka haijawahi kupoteza hata lita moja. Nilijua, na nikanyamaza."

Theuri alimsikiliza mpaka mwisho, akampa Wachuka kazi yote ya kuitunza programu, akamwambia Muriithi asirudi.

Wachuka alimfuata nje, penye mikebe ya maziwa.

"Umepoteza kazi."

"Najua. Na kesho? Niambie wazee wasikuje?"

"Mama anapika njahi, yale maharagwe ya wageni, tangu jana. Sijamwambia kitu. Utamwambia wewe, mbele ya wazee wako, vile ulinifanyia."

"Halafu?" Muriithi akauliza.

"Halafu uniulize kama nitaolewa na wewe. Nitakubali. Lakini useme kwanza."